Aliyegonga Ndani ya Tangi

Magongo, Changamwe
Mfunguo Tano

Dada yangu Mwanaidi,

Shikamoo dada. Nakuulizia hali yako, na miguu ya mama, na kifua cha Zuhura ambacho uliniandikia kwamba kinamsumbua tangu mvua zianze. Mimi ni mzima, na mumeo ni mzima. Nimelitanguliza neno hilo makusudi, usije ukasoma barua hii yote roho ikiwa juu. Bakari yuko hapa chumbani, amekaa kitandani ananiangalia nikiandika, mkono wake wa kulia umefungwa plasta mpaka kwenye kiwiko. "Mwambie nami namsalimu," asema. Basi umesalimiwa.

Barua yako imenifika. Kumbe yule mchuuzi wa ubani aliyepita huko Kilwa alikwambia kwamba mumeo amechukuliwa na jini wa ndani ya tangi, kwamba huzungumza na chuma na hataki chakula. Ukaniomba mimi nduguyo nikwambie kweli. Nitakwambia yote niliyoyaona kwa macho yangu, na niliyoyasikia kwa masikio yangu, nawe utaamua mwenyewe, kwa kuwa mimi mpaka leo sijaweza.

Bakari akikuandikia husema "kazi ipo" akanyamaza, kwa hiyo nikueleze kazi yenyewe. Kampuni inajenga matangi ya mafuta huku Changamwe, kwenye uwanda unaoteremka kuelekea hori la bahari. Tangi moja ukilitazama kutoka barabarani utasema ni ngome. Ni la duara, limepita minazi kwa urefu, na limeundwa kwa mabamba ya chuma yaliyopindwa na kuunganishwa kwa moto. Linalotisha ni wembamba wake. Chuma chenyewe hakizidi unene wa kidole, na hicho ndicho kinachozuia ziwa zima lisimwagike. Injinia wetu huliita ganda. Yeye ni Bwana Mehta, Mhindi mzaliwa wa hapahapa Mombasa, kijana bado, amesoma Uingereza. Ni mtu mpole, asubuhi hula mahamri na mbaazi pamoja nasi juu ya benchi la ofisini. Mimi ndiye mchoraji wake. Mumeo ni fundi wa kuchomelea.

Chini ya tangi kuna mlango mdogo wa duara wa kuingilia mafundi. Ukikata tundu kwenye ganda, nguvu iliyokuwa ikipita pale hulazimika kulizunguka tundu, kwa hiyo huwekwa bamba nene pembeni mwake, kama kiraka cha kanzu. Upande wa nje wa mlango ule alichomelea Bakari. Upande wa ndani alichomelea rafiki yake Kazungu, mtu wa Rabai. Walikuwa wakiitana somo, ingawa majina yao hayafanani hata kidogo. Wakiwa kazini hawakuonana, kati yao ni chuma, wakaelewana kwa nyundo. Mapigo mawili ya haraka, kimya kidogo, kisha pigo moja. Maana yake: "Nimemaliza hapa, sogea."

Siku walipomaliza mlango ule jua lilikuwa kali sana. Ndani ya tangi joto lake hulijui dada, ni kama kuingizwa kwenye tanuri la mkate. Kazungu aligonga alama yake, akatoka kwa mlango uleule, akaketi kivulini, mgongo umeegemea chuma, akaomba maji. Bakari akaenda mtungini. Aliporudi na kikombe, mwenzake alikuwa amekaa vilevile, macho wazi, hayupo.

Wakamchukua Rabai wakamzika. Bakari hakunitajia habari hiyo; niliisikia kwa wengine. Kila nilipotaka kumpa pole alikuwa akigeuza maneno, ananiuliza kama nimekula.

Baada ya hapo tangi likawa tayari kujaribiwa. Kabla ya kutiwa mafuta hutiwa maji mpaka juu, kidogo kidogo, watu wakitazama kama ganda litavumilia. Kwa nje, kuuzunguka mlango, Bwana Mehta aliamuru chuma kipakwe chokaa nyembamba. Chuma kikizidiwa, kikaanza kuvutika bila kurudi, chokaa juu yake hupasuka na kubanduka. Ni ujanja wa zamani wa mafundi. Lakini Bwana Mehta alikuwa na ujanja mwingine mpya, ambao alijivunia kama mtu aliyenunuliwa baiskeli. Alikuwa amepeleka vipimo vya tangi kule Uingereza, kwenye mashine ya hesabu inayojaza chumba kizima. Ganda lote wakaligawa kwenye karatasi, vipande vidogovidogo kama macho ya wavu wa jarife, na mashine ikahesabu mkazo wa kila kipande, upande wake wa ndani na upande wake wa nje.

Nilimuuliza kwa nini pande mbili, na chuma ni kimoja, tena chembamba vile. Akachukua ufito mbichi pale uani. "Shika huku, uvute," akaniambia, "kisha pinda huku unavuta." Nikafanya. "Tazama. Upande wa nje wa pindo unavutwa na kupinda kunauvuta zaidi. Upande wa ndani unavutwa, lakini kupinda kunaubana, kwa hiyo unapata nafuu. Ufito ni mmoja, dhiki ni mbili. Ukiniambia dhiki ya ufito bila kuniambia upande gani, hujaniambia kitu."

Karatasi ziliporudi, kazi yangu ikawa kuzihamishia namba kwenye michoro kwa rangi: buluu penye utulivu, nyekundu penye mkazo mkubwa. Mchoro mmoja wa sura ya nje, mmoja wa sura ya ndani, juu ya karatasi ile inayopitisha mwanga. Kwenye mlango, wekundu wote ulitokea kwa ndani. Nje palikuwa buluu tupu. Bwana Mehta akaingia na taa akaukagua mshono wa Kazungu inchi kwa inchi, akatoka ameridhika. "Marehemu ameacha kazi laini kama kioo," alisema. Mlango ukafungwa, maji yakaanza kutiwa.

Hapo ndipo yalipoanza.

Maji yalipofika kama nusu ya tangi, wafanyakazi wakaanza kusema kuna mtu ndani. Ilikuwa alasiri, jua linapoondoka upande ule wa mlango. Kugonga kunasikika. Mtu ndani ya maji yale hawezi kuwapo, kila mmoja alijua, na kwa sababu alijua akawa haendi peke yake. Asubuhi yake chokaa iliyozunguka mlango ilionekana ina mistari. Mistari myembamba, imelala sambamba, imepinda kidogo, kama mtu aliyepitisha kitana kwenye unga. Nyapara akakasirika, akasema ni utani wa watu, akaifuta, akapaka chokaa upya. Kesho yake mistari imerudi palepale, mirefu zaidi.

Bwana Mehta akaitazama, akazitazama karatasi zake. "Hapa hapana kitu," akasema polepole. "Hapa ni buluu." Akashuku chokaa ina chumvi. Wafanyakazi hawakushuku chumvi. Wakataka achinjwe mbuzi pale mlangoni, nyapara akawacheka, wakaacha kupita upande ule hata kwa kwenda chooni.

Aliyebaki ni mumeo. Kila alasiri alikuwa akienda kukaa mahali palepale alipofia Kazungu, analaza sikio kwenye chuma. Ndiyo haya aliyoyaona mchuuzi wako wa ubani alipopita huku. Chakula alikuwa akila, ila kidogo. Nikamfuata siku moja.

"Shemeji, inuka twende," nilimwambia. "Watu wanasema."

"Waache waseme. Njoo usikilize."

Sikutaka. Dada, wallahi sikutaka, lakini nilimwona alivyonitazama, nikapiga magoti nikaweka sikio. Chuma kilikuwa cha baridi kwa ajili ya maji, baridi ambayo hukuitegemea kwenye joto la Changamwe. Mwanzo nikasikia mvumo, kama ule wa kombe ukiliweka sikioni. Kisha, karibu kabisa, kama upande wa pili wa ukuta wa chumba, mapigo mawili ya haraka. Kimya. Pigo moja.

Nikainuka.

"Umesikia?" akauliza.

"Chuma kinapoa," nikamjibu. "Jua limeondoka, chuma kinajikunja."

"Chuma kinapoa," akakubali, bila ubishi. "Na kikipoa kinagonga hivyo? Tangi la pili mbona halisemi?"

"Sasa yeye ataka nini kwako?"

"Hataki kitu. Ananiambia nisogee." Akapapasa chuma kwa kiganja. "Nami nimeshindwa, Saidi. Nilikwenda kuleta maji nikachelewa. Leo nisogee tena, nimwache?"

Nikamwacha pale, nikarudi ofisini.

Bwana Mehta alikuwa ameitandaza michoro yangu miwili mezani, hana hata koti. Mistari ya chokaa ilikuwa imemkosesha usingizi, nilimwona machoni. Nikamwambia nilichosikia. Nilidhani atacheka, hakucheka. Aliniuliza tu: "Kwenye ukingo gani wa kiraka? Wa juu?" Nikasema wa juu, upande wa kushoto. Akaweka kidole pale kwenye mchoro wa nje, na sote wawili tukakiona kwa pamoja kitu ambacho kilikuwapo siku zote. Wekundu mwepesi wa ganda ulikuwa unakuja vizuri, unazidi, unazidi kila unapokaribia mlango, halafu, hatua ya mwisho, umekatika. Kipande kimoja chekundu, jirani yake buluu, na mpaka kati yao umenyooka kama umekatwa kwa mkasi.

"Chuma hakiwezi hivyo," akasema. "Chuma ni kimoja pale. Hakiwezi kulia huku na kulala huku."

Akaichukua michoro yote miwili, akaiweka mmoja juu ya mwingine, akaishika dirishani mwanga upite. Dada, nikifumba macho bado naiona. Wekundu uliokatika kwenye sura ya nje uliendelea kwenye sura ya ndani, umeungana mstari kwa mstari, kama mtu aliyepita ukutani akatokea upande wa pili.

Akanieleza, michoro bado ameishika dirishani. Mashine haina macho, haijui nje wala ndani. Inachojua ni pembe za kila kipande zimetajwa kwa kuzunguka upande gani. Ukizitaja kwa kuzungukia kushoto, sura moja ndiyo ya nje. Ukizungukia kulia, mambo yamepinduka. Vipande vya ganda vilitajwa hapa kwetu na mtu aliyelichora tangi akiwa kama amesimama nje. Vile vya mlango vilitajwa kule Uingereza na mtu mwingine, naye alikuwa amejiweka ndani. Kila mmoja alisema kweli kwa pale aliposimama. Zilipounganishwa, mlango wote ukawa umegeuzwa ndani nje.

"Kwa hiyo ule wekundu wa ndani—"

"Uko nje," akasema. "Uko pale pale penye mistari. Maji yamefika wapi?"

Maji yalikuwa yamekaribia juu. Bwana Mehta akakimbilia upande wa bomba ili yafunguliwe yatoke. Mimi nikakimbilia mlangoni, kwa kuwa nilijua nani yuko pale.

Bakari alikuwa amekaa nilivyomwacha, sikio kwenye chuma. Nilipomwita alinyanyua mkono, kama mtu anayetaka mwenzake anyamaze aisikie redio. Nikazidi kukaribia. Chokaa kwenye ukingo wa juu wa kiraka ilikuwa inadondoka yenyewe, vigamba vidogo, hakuna anayeigusa, hakuna upepo. Nikamshika bega. Nikaanza kusema "shemeji" na hapo kukagongwa. Safari hii sikuwa nimeweka sikio, dada. Nilikuwa nimesimama na nilisikia kwa hewa. Mapigo mawili, makali. Halafu kimya.

Pigo la tatu halikuja. Nalingoja mpaka leo.

Bakari hakulingoja. Aliruka akanikumba kifuani, tukaanguka wote wawili kando, tukabiringika kwenye changarawe. Chuma kikalia mlio mmoja, kama kitambaa kipya kinachochanwa, na maji yakatoka kwenye ufa kwa upana wa kiganja, yamenyooka kama ubao. Ndoo ya chokaa iliyokuwa pale hatukuiona tena. Kigogo alichokuwa amekalia mumeo kilirushwa kikapiga uzio. Nacho, kwa bahati mbaya, kilipita kwenye mkono wake. Ndiyo plasta hii. Lau kingepita kwenye kichwa, barua hii ningeiandika kwa wino mwingine.

Ufa haukuendelea. Bwana Mehta alikuwa amekwisha fungua njia zote za maji, na mzigo ukapungua kwa haraka. Asingefanya hivyo, ganda lote lingechanika kutoka chini mpaka juu, na watu wa vibanda vile vya bondeni wangezolewa na ziwa zima. Alhamdulillahi hakufa mtu.

Sasa nisikilize. Bwana Mehta alikuja kutuona hapa Magongo, akaketi kwenye kigoda, akatueleza habari ya kugonga. Ufa, alisema, haupasuki mara moja. Hutembea kidogo, unasimama, unatembea tena, na kila hatua chuma hupiga kelele. Jua likiondoka chuma hujikunja, ndiyo maana ilikuwa alasiri. Maji huubeba mlio, ndiyo maana ulionekana unatoka ndani. Yote hayo nimeyaelewa na nayaamini.

Bakari alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akauliza: "Na hesabu ya mapigo, bwana?"

"Hesabu ya mapigo sina," akasema Bwana Mehta. Akanywa chai yake, akaaga.

Mkono ulipopata nafuu kidogo, Bakari alitaka twende Rabai. Tukapanda basi mpaka Mazeras, tukamaliza kwa miguu. Mjane wa Kazungu ni mama wa makamo, jina lake Kadzo. Tulimkuta anapukuchua mahindi. Akatukaribisha vizuri, akatupa maji kabla hatujaomba. Bakari alikuwa amejitayarishia maneno njia nzima, na alipofika yakampotea, akamweleza ovyo ovyo, mwisho kabla ya mwanzo. Nilimtazama yule mama nikiogopa atalia, au atatufukuza kwa kumchezea maiti wake. Mikono yake haikuacha mahindi. Bakari alipomaliza, aliuliza neno moja tu:

"Alikuwa akigonga polepole, au kwa haraka?"

"Kwa haraka, mama. Mara ya mwisho haraka sana. Hata hakumaliza."

Basi Kadzo akaziacha punje zikaanguka ungoni, akajifuta uso kwa ncha ya leso, na dada, alikuwa anacheka, machozi yanamtoka. "Ndiye," alisema. "Ndiye huyo. Maisha yake yote hakujua kungoja mtu."

Tulikaa naye mpaka jua likalala. Tulipofika hapa Bakari alikula sahani mbili za wali, na usiku ule nilimsikia anakoroma kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Kampuni imempa ruhusa mpaka mkono upone. Atapanda meli ya kwenda kusini mwezi ujao inshallah, na utamwona kabla hujapata jibu la kuniandikia. Huko kwenu mmekwisha pandisha bendera yenu ya uhuru; sisi bado twaingojea yetu, na watu hapa hawana mazungumzo mengine. Mimi nabaki. Bwana Mehta ameanza kazi upya, na sasa kila kipande tunakitaja pamoja, mimi nasoma kwa sauti na yeye anazungusha kidole, tukajua nani amesimama wapi.

Nisalimie mama, mbusu mikono kwa niaba yangu. Msalimie Zuhura, mwambie mjomba anamtumia kashata na baba yake. Nisalimie mjomba mshona kofia, na shangazi wa Masoko, na jirani yetu mwalimu wa chuoni, na kila anayeniulizia. Mwambie na yule mchuuzi wa ubani kwamba mumeo hana jini.

Nina ombi moja kwako, nalo Bakari hajui naliandika, amekwisha lala. Akifika nyumbani, utamwona kabla ya kwenda kulala anaweka kiganja ukutani, anasimama hivyo kidogo, kama anayepima joto la mtoto. Usimuulize anasikiliza nini. Mwache amalize, kisha mzimie taa.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Saidi